Nani Anayejibu? Ufafanuzi wa Mipangilio ya DNS katika Kompyuta ya Nyumbani

Kuna hitilafu moja ya intaneti inayowasumbua watu kuliko hata kukatika kabisa kwa mtandao. Alama ya Wi-Fi imejaa, taa za ruta zinawaka kama kawaida, na programu ya ujumbe iliyofunguliwa tangu asubuhi inaendelea kupokea ujumbe. Lakini kila tovuti mpya unayojaribu kuifungua inakataa, na kivinjari kinasema kwamba anwani haikupatikana. Mara nyingi katika hali kama hiyo njia yenyewe ya mawasiliano ni nzima. Programu ya ujumbe inaendelea kwa sababu ilikwisha kuunganishwa na seva yake mapema, ilhali kivinjari hakiwezi kuanza safari mpya mpaka kigeuze jina la tovuti kuwa namba, na yule anayeulizwa namba hiyo hajibu.

Anayeulizwa ni DNS, na ushauri unaotolewa na wengi ni mfupi: nenda kwenye mipangilio, andika 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva ya DNS ya Google, umemaliza. Wakati mwingine ushauri huo huondoa tatizo papo hapo. Wakati mwingine haubadilishi lolote, na aliyeufuata anabaki na mipangilio asiyoielewa juu ya tatizo asilolielewa. Nimekutana na hali hiyo ya pili mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba kinachokosekana si orodha nyingine ya mahali pa kubofya, bali jibu la swali moja: kompyuta inapouliza jina, ni nani hasa anayeijibu?

Jina, namba na safari ya swali

Kompyuta huwasiliana kwa anwani za IP, ambazo ni namba kama 192.0.2.44 katika toleo la nne la itifaki hiyo (IPv4), au mfuatano mrefu zaidi wa tarakimu na herufi katika toleo la sita (IPv6). Binadamu hukumbuka majina. Katika miaka ya mwanzo ya ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti ya leo, majina yote na namba zake yaliandikwa katika faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, likatunzwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford huko California, na kila kompyuta ilipaswa kulinakili upya kila mara. Mashine zilipoongezeka, utaratibu huo ulielemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alichapisha muundo wa Mfumo wa Majina ya Vikoa, ambao ndio DNS, na mwaka 1987 muundo huo ulirekebishwa katika hati zinazojulikana kama RFC 1034 na RFC 1035, ambazo hadi leo ndizo msingi wake. Wazo lake kuu ni kwamba pasiwepo orodha moja ya majina yote; kila sehemu ya jina itunzwe na mwenyewe, na sehemu iliyo juu yake ijue tu ni nani wa kuulizwa.

Jina la kikoa, yaani jina la tovuti kama unavyoliandika, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Tuchukue www.example.org. Anayetafuta namba ya jina hilo huanza kwa kuuliza seva za mzizi, zenye majina 13 yanayotofautishwa kwa herufi A hadi M, ingawa nyuma ya majina hayo 13 kuna mashine nyingi zilizotawanywa duniani kote. Seva ya mzizi haijui namba ya www.example.org, lakini inajua seva zinazotunza majina yote yanayoishia na org. Hizo nazo zikiulizwa zinaelekeza kwa seva yenye mamlaka juu ya example.org, na hiyo ya mwisho ndiyo inayotoa namba. Jibu hilo huambatana na muda wa uhai unaohesabiwa kwa sekunde: 300 ni dakika tano, 86,400 ni siku nzima. Katika muda huo, yeyote aliyepokea jibu anaruhusiwa kulihifadhi na kulitumia tena bila kurudia safari yote.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kompyuta yako ya nyumbani haifanyi safari hiyo. Inauliza swali moja tu kwa seva moja, kisha inangoja. Seva hiyo, ambayo katika makala haya tutaiita kitatuzi, ndiyo inayozunguka kuanzia mzizi hadi kwa mwenye mamlaka, inahifadhi majibu kwa manufaa ya wateja wake wote, na kukurudishia namba ikiwa tayari. Kile kinachoitwa mpangilio wa DNS katika kompyuta si kitu kingine ila anwani ya kitatuzi hicho. Kwa hiyo unapobadilisha DNS hubadilishi kifurushi chako cha intaneti, hubadilishi anwani yako mwenyewe, na hubadilishi chochote katika tovuti unazozitembelea, unabadilisha unayemuuliza.

Jambo hilo linaonekana dogo mpaka ufikirie uwezo alionao anayeulizwa. Kitatuzi kinajua kila jina unalolitafuta na saa unayolitafuta. Kinaweza kukataa kujibu baadhi ya majina. Kinaweza pia kutoa namba isiyo ya kweli na kukupeleka mahali ambapo hukukusudia kwenda. Mtu anapoandika namba nne katika kisanduku cha mipangilio, anamkabidhi mtu mwingine imani kubwa kuliko anavyodhani.

Mpangilio mmoja unaokaa mahali pengi

Fundo lenyewe liko hapa. Watu huzungumza juu ya "DNS ya kompyuta" kana kwamba ni kitu kimoja chenye mahali pamoja, na ilhali swali la jina hupita katika ngazi kadhaa, ambazo kila moja ina uwezo wa kulijibu au kulipeleka kwingine kabla halijafika katika ngazi inayofuata.

Ngazi ya kwanza ni kivinjari. Vivinjari vya siku hizi vina akiba yao ya majibu, na zaidi ya hapo vinaweza kuwa na kitatuzi chao kinachotumia njia iliyosimbwa, yaani iliyofichwa ili walio njiani wasiweze kuisoma, bila kujali mfumo wa kompyuta umeandikiwa nini. Mwaka 2020 Firefox ilianza kuwasha njia hiyo yenyewe kwa watumiaji wa Marekani, ilhali Chrome ilichagua kutumia usimbaji pale tu ambapo kitatuzi kilichokwisha kuwekwa na mtumiaji kinajulikana kuukubali. Tofauti hiyo ina maana kubwa: katika kompyuta moja, vivinjari viwili vinaweza kuwauliza watu wawili tofauti.

Ngazi ya pili ni mfumo endeshi wenyewe. Huu nao una akiba yake ya majibu, na una faili dogo linaloitwa hosts, ambalo ni mabaki hai ya lile faili la Stanford. Katika Windows linapatikana ndani ya folda ya System32, chini ya drivers na etc. Katika Mac na Linux liko kwenye /etc/hosts. Jina lililoandikwa humo halitaulizwa kwa mtu yeyote nje, kwa sababu kompyuta imekwisha kupata jibu nyumbani. Nimeona watu wakibadilisha vitatuzi mara tatu na nne wakitafuta kwa nini tovuti moja tu haifunguki, na kumbe mstari mmoja uliosahaulika katika faili hilo ndio uliokuwa ukijibu muda wote.

Chini ya hapo kuna mpangilio wa muunganisho, ambao ndio watu wengi humaanisha wanaposema DNS. Huu uko kwa kila muunganisho peke yake, yaani Wi-Fi ina wake na waya una wake, na kuubadilisha mmoja hakuugusi mwingine. Kama haukuandikwa kwa mkono, kompyuta huupokea kutoka kwa ruta kwa njia ya DHCP, utaratibu ambao ruta hutumia kuzigawia kompyuta anwani na maelezo mengine kila zinapojiunga. Ndiyo maana ukikagua mipangilio yako unaweza kukuta DNS ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Hiyo ni ruta yako. Inapokea swali na kulipitisha kwa kitatuzi ilichoelekezwa, ambacho kwa kawaida ni cha mtoa huduma wa intaneti.

Juu ya ngazi zote hizo hukaa VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano ya kompyuta katika njia yake ya faragha, pale inapokuwapo, kwa sababu nyingi kati ya programu hizo huchukua maswali yote ya majina na kuyapitisha katika njia yao. Anayebadilisha DNS huku VPN imewashwa anaweza asione tofauti yoyote.

Ukiufahamu mpangilio huu wa ngazi, mafumbo mengi yanafunguka. Mzazi aliyeweka kichujio cha tovuti katika ruta na kukuta kivinjari kimoja kinakipita hakukosea kuandika namba. Kivinjari hicho kinauliza kwingine. Na aliyeweka kitatuzi kipya kwenye Wi-Fi kisha akachomeka waya amerudi kwenye mpangilio wa zamani bila kujua.

Kuna sababu gani ya kubadilisha

Sababu iliyo wazi kuliko zote ni kitatuzi kibovu: kinachelewa, kinakatika nyakati za msongamano, au hakijibu kabisa. Hapo kubadilisha ni tiba halisi. Sababu nyingine ni kutaka kichujio cha tovuti zenye programu hasidi, au kutotaka mtoa huduma wa intaneti awe na orodha nzima ya majina unayoyatafuta. Sababu inayotajwa zaidi, yaani kasi, ndiyo inayohitaji uangalifu. Kitatuzi chepesi hupunguza milisekunde za kungoja kabla ya ukurasa kuanza kufunguka, na kwa kuwa ukurasa mmoja wa siku hizi unaweza kuhitaji majina kadhaa, tofauti hiyo wakati mwingine huhisiwa. Lakini namba ikishapatikana, kazi ya DNS imekwisha. Faili kubwa halitapakuliwa kwa kasi zaidi, na video haitakuwa na ubora zaidi kwa sababu ya kitatuzi kipya.

Yawezekana hata mambo yakawa kinyume. Tovuti kubwa huweka nakala za maudhui yao katika vituo vingi, na hukisia kituo kilicho karibu nawe kwa kutazama swali la jina limetoka wapi. Ukitumia kitatuzi kilicho mbali, unaweza kuelekezwa kwenye kituo cha mbali. Kuna nyongeza ya DNS inayoruhusu kitatuzi kupeleka sehemu ya anwani yako ili ukisiaji huo uwe sahihi; Google huitumia, na Cloudflare imeamua kutoitumia kwa ajili ya faragha ya mtumiaji. Sioni kwamba mmoja wao amekosea. Wamepima mambo mawili yasiyopatikana pamoja, kila mmoja akachagua lake, na mtumiaji anapaswa kujua kwamba anapochagua kitatuzi anachagua pia upande katika suala hilo.

Kati ya vitatuzi vya umma vinavyotumika sana, Google ilianzisha chake mwaka 2009 kwa anwani 8.8.8.8 na 8.8.4.4. Cloudflare ilifuata tarehe 1 Aprili 2018 kwa 1.1.1.1 na 1.0.0.1, na baadaye ikaongeza 1.1.1.2 inayozuia tovuti hasidi na 1.1.1.3 inayozuia pia maudhui ya watu wazima. Quad9, shirika lisilo la kibiashara lenye makao Uswisi, hutoa 9.9.9.9 na 149.112.112.112, ambazo huzuia majina yanayojulikana kuwa ya hatari. OpenDNS, ambayo tangu 2015 ni mali ya Cisco, ina 208.67.222.222 na 208.67.220.220. Kwa kompyuta ya nyumbani ambayo watumiaji wake hawana mahitaji ya pekee, mimi hupendelea Quad9, kwa kuwa kichujio chake hulenga hatari pekee na si mada. Anayetaka majibu yasiyochujwa kabisa ana sababu njema ya kuchagua nyingine.

Kubadilisha kwenyewe

Kabla ya kugusa chochote, andika kilichopo. Katika Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, kisha tafuta mstari unaotaja seva za DNS chini ya muunganisho unaoutumia. Piga picha au nakili kwenye karatasi, kwa sababu DNS ikiharibika hutaweza kutafuta msaada kwa kutumia kompyuta hiyo hiyo.

Katika Windows 11, ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya mtandao na intaneti, chagua Wi-Fi au muunganisho wa waya kulingana na unachotumia, kisha fungua sifa za muunganisho huo. Utakuta mstari unaohusu ugawaji wa seva za DNS, ambao kwa kawaida umeandikwa kwamba ni wa kiotomatiki. Bofya kuhariri, geuza uwe wa mkono, washa IPv4, kisha jaza seva inayopendelewa na seva mbadala. Chini ya kila kisanduku kuna chaguo la kutumia DNS kupitia HTTPS, ambayo ni njia iliyosimbwa. Kwa vitatuzi vinavyotambuliwa na Windows, kama hivyo vya Google, Cloudflare na Quad9, inatosha kuwasha chaguo la kiotomatiki. Rudia hayo kwa IPv6, kisha uhifadhi.

Kuhusu IPv6 nitasimama kidogo, kwa kuwa ndicho chanzo cha malalamiko mengi ya kwamba "nimebadilisha lakini hakuna kilichobadilika". Kama mtoa huduma wako ana IPv6, ruta huitangazia kompyuta kitatuzi cha IPv6 kando na kile cha IPv4. Ukijaza kisanduku cha IPv4 peke yake, kompyuta bado inacho kile kingine, na inaweza kuendelea kukiuliza siku zote. Anwani za IPv6 ni ndefu lakini huandikwa mara moja tu: kwa Google ni 2001:4860:4860::8888 na 2001:4860:4860::8844, kwa Cloudflare ni 2606:4700:4700::1111 na 2606:4700:4700::1001, na kwa Quad9 unaweza kutumia 2620:fe::fe.

Katika Mac, njia ni kufungua mipangilio ya mfumo, sehemu ya mtandao, kuchagua muunganisho, kufungua maelezo yake na kwenda kwenye kipengele cha DNS. Anwani zilizotoka kwa ruta huonekana zimefifia. Ukiongeza zako kwa alama ya kujumlisha, zile zilizofifia huondoka zenyewe. Anwani za matoleo yote mawili ya IP huingia katika orodha hiyo moja.

Linux inahitaji tahadhari moja. Maelezo mengi ya zamani humwambia mtumiaji ahariri faili la /etc/resolv.conf kwa mkono, na katika mifumo mingi ya leo faili hilo huandikwa upya na programu nyingine, hivyo kazi yote hupotea kompyuta inapowashwa tena. Mahali salama ni katika mipangilio ya muunganisho wenyewe, kwenye kipengele cha IPv4 na kile cha IPv6, ambapo unazima DNS ya kiotomatiki, unaandika anwani zilizotenganishwa kwa mkato, kisha unazima na kuwasha muunganisho. Ukiona 127.0.0.53 ndani ya resolv.conf usishtuke, hiyo ni huduma iliyo ndani ya kompyuta yako inayopokea maswali na kuyapeleka mbele, na amri ya resolvectl status ndiyo itakayokuonyesha inayapeleka kwa nani.

Mipangilio ya ruta sitaieleza hatua kwa hatua, kwa kuwa kila mtengenezaji ana kurasa zake. Kanuni ni moja: ukibadilisha DNS katika ruta, kila kifaa cha nyumbani ambacho hakijaandikiwa chake kitafuata, baada ya kujiunga upya na mtandao.

Kuhakikisha

Majibu ya zamani hubaki katika akiba, kwa hiyo yafute kwanza. Katika Windows amri ni ipconfig /flushdns. Katika Mac ni sudo dscacheutil -flushcache ikifuatwa na sudo killall -HUP mDNSResponder, na katika Linux zinazotumia systemd ni resolvectl flush-caches. Funga kivinjari kabisa na ukifungue tena, kwa kuwa nacho kina akiba yake.

Kisha, katika dirisha la amri, andika nslookup example.org, amri inayouliza namba ya jina hilo. Mistari ya juu ya matokeo hutaja seva iliyojibu, na hapo ndipo unapoona kama jibu limetoka kwa kitatuzi kipya au bado ni ruta. Ni vyema kujua kwamba nslookup huenda moja kwa moja kwa seva ya DNS bila kusoma faili la hosts, ilhali ping, amri ya kupima kama mashine nyingine inafikika, hufuata njia ile ile inayotumiwa na programu za kawaida. Kwa hiyo nslookup ikitoa namba moja na ping ikatoa nyingine kwa jina lile lile, kuna uwezekano mkubwa kwamba jibu linatoka katika faili la hosts au katika akiba. Unaweza pia kuielekeza nslookup kwa kitatuzi mahususi bila kubadilisha mpangilio wowote, kwa kuandika nslookup example.org 9.9.9.9. Ningemshauri kila mtu aanze na jaribio hilo kabla ya kubadilisha chochote: kama kitatuzi cha sasa hakijibu na hicho kingine kinajibu, umethibitisha ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Kama vyote viwili havijibu, tatizo halipo kwenye mpangilio wa kitatuzi, nawe umeokoa muda wako.

Kuna kutoelewana kuhusu ile seva mbadala pia. Wengi huidhani kuwa ni maoni ya pili, kwamba ya kwanza isipolijua jina, ya pili itaulizwa. Sivyo. Kazi ya seva mbadala ni kusaidia pale ya kwanza inaponyamaza. Jibu la kwamba jina halipo ni jibu kamili, na kompyuta huridhika nalo. Tena mfumo haukuahidi kuiuliza ya kwanza daima. Hivyo anayeandika kitatuzi chenye kichujio katika kisanduku cha juu na kisicho na kichujio katika kile cha chini amejitengenezea kichujio kinachofanya kazi siku nyingine na kulegea siku nyingine. Seva zote mbili ziwe za mtoa huduma mmoja na za aina moja.

Utakuta vilevile kwamba baadhi ya majina yanapotea baada ya mabadiliko, hasa jina la printa ya nyumbani au la ukurasa wa ndani wa ofisi. Majina hayo hayapo katika DNS ya umma; yalijulikana na ruta au na kitatuzi cha ofisi peke yake, na kitatuzi kipya hakina njia ya kuyajua. Kwa kompyuta inayotumika pia kwa kazi ya ofisi, hii inatosha kuwa sababu ya kuacha mpangilio wa kiotomatiki kama ulivyo.

Je, aliyejibu ni yule uliyemuuliza?

Itifaki ya DNS iliandikwa katika dunia ya watu wachache waliofahamiana. Swali huenda wazi kupitia poti ya 53, yaani namba ya mlango wa mawasiliano, na kila aliye njiani anaweza kulisoma. Kinacholinganisha jibu na swali lake ni namba ya utambulisho ya biti 16, yaani uwezekano wa namba 65,536 tu. Mwaka 2008 Dan Kaminsky alionyesha jinsi udogo huo ulivyomwezesha mshambuliaji kupenyeza majibu ya uongo katika akiba ya kitatuzi, na watengenezaji wa programu za DNS walilazimika kutoa marekebisho kwa pamoja, ambayo huifanya poti ambayo swali hutokea nayo ibadilike bila mpangilio ili iwe vigumu kukisia.

Mwaka 2014 Uturuki ilipoifungia Twitter kwa njia ya DNS, watu waliandika 8.8.8.8 hata kwenye kuta za mitaani ili wengine waitumie. Siku chache baadaye Google ilithibitisha kwamba watoa huduma wengi wa intaneti nchini humo walikuwa wameiteka njia ya kwenda kwenye anwani hiyo na kujibu wenyewe kana kwamba wao ndio Google. Namba iliyoandikwa katika kompyuta za watu ilikuwa sahihi, lakini aliyejibu alikuwa mwingine. Tukio hilo linaonyesha kwamba kuandika anwani ya kitatuzi peke yake si uthibitisho wa anayejibu.

Ndiyo maana kuna DNS iliyosimbwa, ambayo ina njia mbili kuu: DNS kupitia TLS, iliyosanifishwa mwaka 2016 na kutumia poti ya 853, na DNS kupitia HTTPS, iliyosanifishwa mwaka 2018 na kupita katika poti ya 443 pamoja na tovuti za kawaida. Katika njia hizi kitatuzi kinaweza kujitambulisha kwa cheti, na walio kati yako nacho hawawezi kusoma swali wala kugeuza jibu bila kugundulika. Usimbaji huo haukufichi kwa kitatuzi chenyewe, na mtoa huduma wa intaneti bado anaziona anwani za IP unazounganishwa nazo. DNSSEC, ambayo ilifika katika mzizi wa DNS mwaka 2010, ni kitu tofauti: hutia saini majibu ili kitatuzi kithibitishe kwamba yametoka kwa mwenye kikoa, lakini haifichi chochote.

Hatari nyingine ni kubadilishiwa DNS bila kujua. Programu hasidi iliyojulikana kama DNSChanger iliziambukiza kompyuta zaidi ya milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, ikaelekeza maswali yake kwa vitatuzi vya wahalifu, ambao walijipatia fedha kwa kuwapeleka watu kwenye matangazo waliyoyachagua wao. FBI ilitangaza kukamatwa kwa wahusika Novemba 2011. Seva hizo hazikuweza kuzimwa mara moja, maana waathirika wote wangepoteza intaneti kwa wakati mmoja, kwa hiyo mahali pake paliwekwa seva safi za muda, zilizozimwa tarehe 9 Julai 2012. Kwa hiyo ukikuta katika mipangilio yako anwani ya DNS ambayo si ya ruta, si ya mtoa huduma wako na si ya kitatuzi ulichokichagua, usiifute tu na kusonga mbele. Kagua kompyuta kwa programu ya kupambana na virusi, kisha ingia kwenye ruta, kagua DNS yake, na ubadilishe nenosiri la msimamizi ikiwa bado ni lile lililokuja nayo kutoka kiwandani.

Kurudi nyuma

Anayetumia kompyuta ndogo ya kubeba atakutana siku moja na mtandao wa hoteli au uwanja wa ndege unaohitaji kuingia kupitia ukurasa wake wa mwanzo. Mitandao hiyo mara nyingi hutegemea kitatuzi chake chenyewe kukupeleka kwenye ukurasa huo, na kompyuta iliyoandikiwa kitatuzi kingine kwa mkono, hasa kwa njia iliyosimbwa, huweza kukwama mlangoni bila maelezo. Rudisha mpangilio wa DNS wa muunganisho huo uwe wa kiotomatiki, ingia, kisha weka tena anwani zako. Kama uliziandika zile za awali kabla ya kuanza, nyumbani nako utarudi ulipotoka kwa njia hiyo hiyo: geuza ugawaji wa IPv4 na wa IPv6 uwe wa kiotomatiki, futa akiba, zima na uwashe muunganisho, kisha uiulize nslookup ni nani anayejibu sasa, na ulinganishe na karatasi yako.